Kiuno, Mapaja, Fundo

"Fungua hilo fundo, Laurian."

Laurian alikuwa ameshakaa ukingoni mwa mwamba, miguu inaning'inia, kienge cha moshi mkononi. Chini yake kulikuwa na mzinga wa nyuki kwenye ufa, na chini ya nyuki ni mawe matupu mpaka bondeni. Akageuza shingo.

"Theresia, nenda nyumbani. Kamba haishikwi na mwanamke."

"Na maiti inaliliwa na nani? Fungua."

Mwaka ulikuwa wa sabini na tano, nyuma kidogo ya Ilongero, watu ndio kwanza wamehamia kijiji cha ujamaa. Asali ya mwambani ilikuwa kazi ya kijiji, na kazi hiyo alipewa Laurian kushuka na Antipasi kushika kamba. Antipasi ni kaka yake Theresia. Hao wawili walikuwa wanashuka pamoja tangu ujana, ndiyo maana mwenyekiti akawapanga, maskini, hakujua kwamba ilikuwa ni mwezi wa nne hawasemeshani.

Theresia alikuja na kibuyu cha togwa tu. Nia yake akiweke chini aondoke, maana na yeye alikuwa amemnunia Laurian vilevile. Ndipo jicho lake likaenda kiunoni kwa Laurian.

Sasa pale kwetu mtu hashuki hivi hivi. Unavaa mkanda wa ngozi ya ng'ombe kiunoni, unavaa na mingine ya mapaja, imeunganishwa mbele. Kamba ya katani inapita kwanza kwenye mapaja, inapanda inapita kiunoni, halafu unapiga fundo na ncha inarudi kwa njia ileile iliyotoka. Ukimaliza, mshika kamba anakuuliza, "Kiuno?" Unagusa, unasema kipo. "Mapaja?" Unagusa, yapo. "Fundo?" Limerudi njia yake. Bila hayo matatu kusemwa kwa mdomo, hakuna kushuka, hata uwe mzoefu namna gani.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza. Watafanyaje na hawaongei? Na kamba ya Laurian ilikuwa imepita kwenye mapaja peke yake. Mkanda wa kiuno ulikuwa umekaa mtupu. Nyuki wakimvamia akarusha mkono tu, anapinduka kichwa chini, anachomoka kama mguu kwenye kiatu kikubwa.

Laurian alipoinama akaona mwenyewe. Rangi ikamtoka. Akarudi nyuma kwa makalio, polepole, mpaka akafika penye usalama.

Theresia akamgeukia kaka yake.

"Kaka, ulikuwa hujaona?"

Antipasi alikuwa ameizungusha kamba kwenye jiwe, anaiangalia kama inamdai.

"Niliona."

"Uliona?"

"Nilikuwa nangoja aulize. Ana mdomo."

"Neno moja lingekuchoma ulimi?"

"Mimi siongei na mtu aliyebomoa nyumba ya mama yangu."

Hapo ndipo penye kidonda. Wakati wa kuhamishwa, Antipasi alikuwa Itigi kwenye kazi ya reli, na Theresia alikuwa Mwankoko anamuuguza shangazi. Waliporudi wakakuta nyumba ya mama kule mlimani ni kifusi, na majirani wakasema aliyekuwa juu ya paa na shoka ni Laurian. Huyohuyo aliyekuwa ameshapeleka barua ya posa. Antipasi akaapa ndoa haipo. Theresia akangoja mchumba wake ajitetee. Miezi minne akangoja.

Sasa kungoja kukamwisha. Akaipiga teke ile kamba.

"Leo utasema, Laurian. Ulibomoa, hukubomoa?"

"Nilibomoa."

"Kwa nini?"

"Mama alinituma."

Antipasi akacheka kicheko kibaya, akamwambia dada yake, "Anamsingizia mtu mzima."

"Wale wa lori la kuhamisha watu walikuwa wameshachoma nyumba mbili kule bondeni," Laurian akasema kwa hasira. "Mama akaniita. Akasema nyumba yake haitachomwa na watu wasiomjua, bora ishushwe na mkono anaoujua. Nikashusha mti mmoja mmoja, nikabeba mgongoni siku mbili. Ndiyo miti aliyojengea huku. Nguzo ya katikati ina alama zako za kisu, ulizochonga utotoni. Ungekuwa umeziona. Lakini tangu urudi unakula uani kama mgeni, eti ile si nyumba yenu."

Antipasi akamgeukia Laurian.

"Mama mbona hakusema?" Antipasi akauliza, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia Laurian kwa miezi minne.

"Aliogopa utamchukia yeye. Akaniomba nichukiwe mimi."

Mngedhani Theresia ataanguka kifuani kwa mchumba wake. Thubutu. Ndiyo kwanza akawaka.

"Na mimi? Nimelala na machozi, nikijua nimeposwa na mvunja nyumba. Mimi ulinificha kwa nini?"

"Ungemwambia kaka yako."

"Ningemwambia, ndiyo! Leo hii ungekufa na siri yako, na huyu angebaki ameshika kamba tupu, na mama angejua nani kakuua. Mngeniachia nini mimi? Togwa?"

Wanaume wawili wazima wanaangalia miguu yao.

Laurian akafungua fundo. Akapitisha kamba kwenye mapaja, akapandisha kiunoni, akairudisha njia yake. Theresia akasogea, akalishika lile fundo akalivuta mara tatu kwa nguvu, karibu amwangushe. Mwiko wa mwanamke na kamba ukaishia hapo hapo.

Laurian akarudi ukingoni. Akangoja.

Antipasi akaikaza kamba kwenye jiwe.

"Kiuno?"

"Kipo."

"Mapaja?"

"Yapo."

"Fundo?"

"Limerudi njia yake."

Antipasi akaishika kamba kwa mikono miwili, kama mtu anayenyanyua kitu kizito peke yake.

"Haya. Shuka, shemeji."

Theresia alikuwa ameshakaa juu ya mkia wa kamba, kibuyu mapajani, uso umefura vilevile.

"Shuka," akasema. "Na ukipanda uje na maneno mengine. Posa nimeikubali, ila wewe sijakusamehe bado."