Kina cha Shimo la Mdako

Bibi Kulwa alirusha juu jiwe ambalo halikuwepo, akachota kwa kiganja vijiwe ambavyo havikuwepo, kisha akanyoosha mkono kulidaka lile la kwanza na kujipiga mwenyewe kifuani. Pa!

"Umeona, fundi? Limenipita tena. Jiwe lenyewe la uongo, lakini kulikosa ni kweli."

Alikuwa ameketi mkekani katikati ya kibanda cha fundi Minza, mjini Shinyanga, miguu ameinyoosha, kitenge amekikaza, na kichwani amevaa kofia-macho. Kwa nje kofia-macho ilifanana na nusu ya kibuyu kilichofunikwa usoni. Ndani yake kulikuwa na vioo viwili vidogo, kila jicho na kioo chake. Aliyeivaa hakuona tena kibanda, wala feni, wala roboti la kubeba mizigo lililokuwa likipita nje na magunia ya choroko. Bibi Kulwa aliona uwanja wa nyumbani kwao Usanda, kama ulivyokuwa miaka hamsini iliyopita: jiko la mama yao, mawe matatu ya mafiga, na shimo walilochimba wenyewe kwa kijiko kuchezea mdako, mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe. Na ng'ambo ya shimo, kila Ijumaa saa kumi alasiri, aliketi pacha wake, Doto.

Doto alikuwa Mwezini. Alikwenda huko akiwa na miaka arobaini na tisa, maana alijua matanuri ya kuyeyushia dhahabu, na Mwezini walihitaji watu wa matanuri ya kuyeyusha vumbi ili wapate hewa ya kuvuta. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Akaongeza mingine, akaongeza tena. Sasa mwaka wa kumi na mbili ulikuwa unakwisha, na madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba mifupa iliyozoea wepesi wa kule haiwezi tena kubeba uzito wa huku. Hatarudi. Kilichobaki kati ya pacha hao kilikuwa mdako wa Ijumaa.

"Leo Jumatano," Bibi Kulwa alisema akiivua kofia. "Ijumaa mbili nimevua katikati ya mchezo kwa kichefuchefu. Ijumaa ya tatu nikivua, Doto atadhani nimemchoka. Nitengenezee, mke mwenzangu."

Minza alicheka. Bibi Kulwa alimwita mke mwenza tangu siku ya kwanza, kwa utani wa bibi na mjukuu. Minza alikuwa na miaka ishirini na minne. Shule aliishia darasa la saba, akaenda kukaa kando ya meza ya mjomba wake, akitazama mikono yake tu, mpaka mjomba akafa na meza ikawa yake. Alichojua alikijua kwa kutazama.

"Tuanze na shimo, Bibi. Ukilitazama, unaliona shimo, au limevimba kama kichuguu?"

"Kichuguu cha nini tena?"

"Ukiiweka picha ya kushoto upande wa kulia na ya kulia upande wa kushoto, kila kitu kinapinduka. Shimo linakuwa kilima. Wako wanaoviosha vioo kwa sabuni, halafu wanavirudisha kombo."

Bibi Kulwa alitazama pembeni. "Niliviosha mara moja tu. Na nilivirudisha sawa." Akavaa tena, akainama. "Si shimo, si kichuguu. Ni duara. Kama mtu amechora kwa mkaa kwenye sakafu. Kila kitu bapa, fundi. Jiko bapa. Jiwe likipanda sijui liko karibu au mbali, naliona linakua na kupungua tu."

Hapo Minza aliweka bisibisi chini. Alijua kinachotengeneza umbali. Ukiinua kidole mbele ya pua na kufumba jicho moja, kisha ukabadilisha, kidole kinaruka, kwa sababu macho mawili hayaoni sawasawa. Akili inachukua picha mbili zinazotofautiana kidogo, inazishona, na katika mshono huo kina kinazaliwa. Kofia-macho ilikopa ujanja huohuo. Dunia ya Bibi Kulwa ilikuwa bapa kwa kuwa mahali fulani mshono ulikuwa umefumuka.

"Nakuwekea kipimo cha kuku," alisema. "Jicho moja linaona kuku, jingine linaona kiota. Ukifumbua yote mawili, kuku analalia mayai. Fumba la kushoto. Unaona nini?"

"Kuku."

"Fumba la kulia."

"Kuku."

"Yote mawili?"

"Kuku. Kwani kiota kiko wapi? Huyu atataga hewani?"

Minza alimwomba avue kofia, akapitisha kidole mbele ya uso wake, kushoto, kulia, juu, chini. Mboni zote mbili zilikifuata bila kuchelewa. Macho ya Bibi yalikuwa mazima. Basi akafungua kadi ya mipangilio, ile inayoiambia kofia macho ya mvaaji yakoje, ikajitokeza kwenye kioo cha mezani. Alikigeuza kioo upande wake, kwa mazoea.

Kadi haikuwa ya Kulwa. Ilikuwa ya Doto.

Nafasi kati ya mboni, milimita sitini na moja. Kina, sifuri. Kivuli cha jiwe, kizito kuliko kawaida. Sauti ya jiwe, juu kabisa. Na chini, mstari ambao kofia huuandika yenyewe ikishapima mara tatu na kupata jibu lilelile: jicho la kushoto halifuati mwanga, picha ya kulia ipelekwe pote.

Minza aliusoma mstari ule mara mbili.

"Kadi hii ilikujaje kwako, Bibi?"

"Ah!" Bibi Kulwa alijisogeza, akafurahi kusimulia. "Doto alikuwa ananipiga. Mimi! Tangu utoto mdako wangu, yeye wake kuimba. Kuna kipindi alikuwa anakosa kila jiwe, mpaka nikawa namwonea huruma. Halafu ghafla akaanza kudaka, na kunishinda. Nikasema huyu kapata mipangilio mipya. Nikamwambia, nipe na mimi. Akakataa. Nikamwambia, Doto, pacha hupewa sawa. Tulivalishwa gauni sawa, mgeni akileta pipi moja inakatwa kwa meno. Mama alisema ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake unaita balaa. Akakataa tena. Mara ya tatu hakusema kitu, akaituma."

"Na bapa likaanza."

"Likaanza siku hiyohiyo. Nikadhani ni mimi nimekosea kuweka."

Minza alinyamaza. Mjomba wake alikuwa na sharti moja tu la kibanda, alilolirudia kila asubuhi akiwasha taa ya meza: macho ya mtu usiyasome kwa sauti. Mipangilio ya mtu ni mwili wake. Angeweza kurudisha kadi ya zamani ya Kulwa kwa kugusa mara moja. Kina kingerudi, kichefuchefu kingekwisha, na Ijumaa ingepita salama. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

"Narudisha yako ya zamani," alisema. "Hii haikufai."

"Umenyamaza kwanza." Bibi Kulwa alikuwa akimtazama. "Fundi akinyamaza, kifaa kimekufa. Nisomee."

"Siwezi, Bibi. Si macho yako."

"Mimi na yeye tumelala tumbo moja!"

"Najua, Bibi. Hata hivyo."

Bibi Kulwa alifungua mdomo amseme, kisha akaufunga. Akainua kiganja polepole, akafunika jicho lake la kushoto, akakitazama kibanda: meza, waya, taa, uso wa Minza. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai, vidole vikagonga hewa kabla ya kikombe.

"Kuku, kuku," alisema taratibu. "Hana kiota."

Minza aliinamisha kichwa.

"Ndiyo maana alianza kutazama chini. Mdako mtu anatazama juu, jiwe liko juu. Yeye akawa anatazama chini, mimi nikamcheka. Nikamwambia, umeangusha hereni? Na lile jicho lilikuwa linatoa machozi. Nikamuuliza, akasema ni upepo." Alimgeukia fundi. "Mwezini kuna upepo, Minza?"

"Hakuna, Bibi. Kuna vumbi tu. Vumbi la kule halijawahi kusagwa na upepo, kila punje ina makali kama chupa iliyovunjika."

"Na yeye miaka kumi na mbili analitia tanurini." Bibi Kulwa aligusa kope yake ya kushoto, akautoa mkono haraka kana kwamba umeungua. "Nimejua kwa nini hakusema. Watu wanasema yakimpata pacha mmoja, mwenzake ajiandae. Ameogopa nisije nikaogopa."

Minza alimwinamia. "Yako nimeyapima sasa hivi. Mazima yote mawili. Nakuapia kwa meza ya mjomba."

"Basi usirudishe ya zamani."

"Utaumwa kichwa!"

"Kichwa si changu?"

Walibishana, Minza akashindwa, lakini hakushindwa kijinga. Alipima nafasi kati ya mboni za Bibi Kulwa: sitini na tatu. Hata pacha, milimita mbili zilikuwa zimewatenganisha, na hizo ndizo zilizokuwa zikivuta misuli ya macho na kuleta kichefuchefu. Alizirekebisha, kina akakiacha sifuri. Kisha siku ile na kesho yake akakaa naye mkekani, akamfundisha alichokisoma bila kukisema: fuata kivuli; kikikusanyika kuwa kidogo na cheusi, jiwe linakaribia; sikiliza; mlio ukishuka, fungua kiganja. Alhamisi jioni Bibi Kulwa alidaka manne kati ya kumi, akapiga kigelegele mpaka muuza vitumbua wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Ijumaa saa kumi, Doto alitokea ng'ambo ya shimo. Minza aliwaona wote wawili kwenye kioo cha mezani. Waliongea polepole kama siku zote, maana sauti ilichukua karibu sekunde tatu kwenda Mwezini na kurudi, nao walishazoea kungojana.

"Umepona kichwa?" Doto aliuliza.

"Nimepona. Zamu yangu. Kaa utazame watu wanavyocheza."

Bibi Kulwa alirusha. Hakutazama juu. Aliinamisha uso, akafuata kivuli, akachota vijiwe, akafungua kiganja. Jiwe likatua. Akarusha tena, akavirudisha shimoni akabakiza kimoja, akadaka.

Akangoja. Moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Kimya kilikuwa kirefu kuliko umbali.

"Mbona unatazama chini?" Doto alisema.

"Wewe mbona unatazama chini?"

"Nani amekuambia?"

"Kuku."

"Kuku gani, wewe mwehu?"

"Asiye na kiota."

Kwa kuwa kila aliyevaa kofia-macho amepita kwenye kipimo kile, Doto alielewa. Alianza kucheka, kicheko kikapasuka katikati, akaweka mikono usoni. "Kulwa, na lako? Niambie kweli. Lako limefanya nini?"

"Langu zima. Minza amelipima, ameapa. Nimelinyima picha yake mimi mwenyewe, tuwe sawa."

Sekunde zilipita. Doto alipoinua uso, alikuwa amekasirika kama dada anavyokasirika.

"Sawa ya nini? Mjinga wewe! Tukikaa vipofu wote wawili, ni nani ataliona shimo la mama? Miezi sita sijaliona, naliona duara tu. Fumbua. Fumbua uniambie."

Bibi Kulwa aligeuza kichwa upande aliojua Minza amekaa, ingawa hakumwona kwa kofia. Minza aligusa kadi ya zamani, na kina kikarudi.

Bibi Kulwa akashusha pumzi. Uwanja wa Usanda ulikuwa umesimama tena: jiko mbele, mafiga nyuma yake, na pale kati yao shimo, na giza dogo ndani yake. Akaingiza mkono polepole.

"Ni refu, Doto," alisema. "Ni refu kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Vidole vimezama. Kiganja kimezama. Limefika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Pembeni kuna pale ulipovunja kijiko."

Akauacha mkono ndani ya shimo, akangoja dada yake asikie.