Samaki Waliotoa Midomo Nje

Kila asubuhi, kabla ya chai, Okwara alikwenda nyuma ya nyumba kusalimiwa na samaki wake.

Watu wengine pale Matayos walisalimiwa na mbwa. Okwara alisalimiwa na ngege. Alisimama ukingoni mwa bwawa, mikono nyuma, kama chifu anayekagua gwaride. Samaki walipanda juu. Walitoa midomo nje ya maji, wakaifungua na kuifunga, wakaifungua na kuifunga, bwawa zima.

"Waone," alimwambia mkewe, Auma, aliyekuwa akifagia uwanja. "Wananijua. Wananiomba."

"Wanakuomba nini?"

"Chakula. Mtoto akikufungulia mdomo, unamuuliza anataka nini?"

"Na mbona mchana hawaombi?"

"Mchana wameshiba."

Auma aliendelea kufagia. Okwara akachukua beseni la machicha ya busaa, yale mabaki ya pombe ikishakamuliwa, akayamwaga majini. Juu yake akaongeza ugali uliolala. Mwisho akatupa sepetu ya mbolea ya kuku, maana alisikia kwamba mbolea inanenepesha bwawa. Hakuna samaki aliyefungua mdomo kwa Okwara akanyimwa.

Habari zikaenea. Watu waliotoka kanisani walipitia kwake kuona samaki wanaosali. Okwara hakuwasahihisha. Hata yeye alianza kuamini kwamba mmoja mkubwa, mwenye mkia uliochanika, alikuwa na bidii kuliko wenzake.

Bwawa hilo lilikuwa na historia, na Okwara hakuwa mtu wa kusahau. Zamani alikuwa kijana wa baiskeli. Alivusha watu na magunia hapo Busia, toka Kenya hadi Uganda na kurudi, mpaka magoti yakaanza kulia kama bawaba. Akaacha kubeba, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli za wengine. Ndipo mradi wa mabwawa ukaja. Waheshimiwa walifika na magari meupe. Mmoja alichukua jembe la Okwara, akapigwa picha akichimba, akamrudishia jembe. Wakatupa vifaranga vya samaki majini, watu wakapiga makofi. Mchana wakala kuku. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuuliza kama samaki wale wanaishi au wamekufa. Walikufa. Bwawa likabaki shimo la vyura, na kila uchaguzi Okwara aliwaonyesha wagombea shimo lile na kuwauliza jembe lake lilichimba nini.

Mwaka jana alichoka kuuliza. Akalifukua bwawa mwenyewe, akanunua vifaranga, akaanza upya.

Na hapo ndipo alipojiweka matatani. Shemeji yake Mulama, kaka yake Auma, aliuza samaki wa katoni huko Malaba, wale wa barafu wanaotoka ng'ambo. Siku ya mazishi fulani, mbele ya ukoo wote, Okwara alisimama akasema:

"Ziwa liko hapo chini. Ukienda Sio Port unakanyaga maji. Na sisi tunakula samaki aliyepanda meli, samaki ambaye amesafiri kuliko sisi wote. Jumatatu ya Pasaka njooni kwangu. Mtakula samaki wa bwawa langu. Mtu asilete katoni."

Mulama alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, wewe unafuga vyura. Lakini tutakuja."

Hivyo Pasaka ikawa na uzito wake. Okwara alikuwa amewaita watu, na neno lake lilikuwa linaogelea nyuma ya nyumba.

Mwezi wa tatu mvua zikaanza. Maji yalitiririka toka zizi la mbuzi, yakabeba kila kitu cha mbuzi, yakaingia bwawani. Vyura nao wakafika. Jua likizama tu, walianza kuimba, na hakuna aliyejua wimbo wa kumaliza.

Auma pia alikuwa na lake. Alipokwenda Sio Port kununua omena, wale dagaa wa ziwani, aliona ua la zambarau likielea. Akalipenda. Akalileta kwa beseni, akaliweka bwawani kama pambo. Lilikuwa gugu maji. Mvua ilipolipata, pambo likafunika nusu ya bwawa.

Kisha mawingu yakakaa siku kadhaa bila jua. Asubuhi moja Okwara alikwenda kusalimiwa, akakuta ngege wakubwa wanaelea, matumbo juu. Waliobaki walitoa midomo nje kwa haraka, kama watu waliokimbizwa. Yule mwenye mkia uliochanika alikuwa kati ya wafu.

Okwara alikaa chini kwenye majani mabichi. Auma alimwona, akaacha ufagio.

"Ni vyura," Okwara alisema mwishowe. "Vyura hawakuwepo, samaki wakaishi. Vyura wamekuja, samaki wamekufa. Kuna nini hapo cha kuuliza?"

"Labda ni kitu kingine, Baba Sharlyne."

"Kitu gani? Umesikia wanavyopiga kelele? Hata mimi ningekufa."

Aliinuka, akaenda zizini, akarudi na chupa ya dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia ng'ombe. Alikuwa anaifungua kwa meno.

Auma hakubishana naye. Alikwenda mbio hadi kwenye ua wa mpakani, akaita, "Mama Janat, kuja. Kuja haraka, huyu mzee anataka kuharibu."

Mama Janat ni Hadijah, jirani yao. Alifuga samaki katika mabwawa yake, na ndiye aliyefundisha kikundi cha akina mama wafugaji. Okwara hakumpenda sana, kwa sababu siku moja alipita akasema bwawa lake linanuka. Ni kweli lilinuka, lakini kuna namna ya kusema.

Hadijah alifika akifunga leso kiunoni.

"Mzee Okwara, hiyo ni ya nini?"

"Ya vyura."

"Na samaki utawaambia wafunge macho?"

Okwara akasimamisha chupa.

"Dawa ya kupe ikiingia majini, samaki ndiye anakufa kwanza," Hadijah alisema. "Chura ataruka atoke aende zake. Samaki ataruka aende wapi? Na hao watakaokufa kwa dawa utampa nani ale? Shemeji yako?"

Okwara alilifikiria hilo la shemeji kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, na ndipo Hadijah akamnyang'anya chupa, akampa Auma. "Irudi kwa ng'ombe. Isikae karibu na bwawa hata tupu."

"Sasa ni nini kinawaua?"

"Kunja shati. Ingiza mkono kwa maji, polepole, vidole viangalie chini."

Okwara aliingiza. Maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mrenda. Kabla kiwiko hakijafika majini, vidole vilikuwa vimepotea zamani.

"Unaona vidole?"

"Hata kiganja sioni."

"Basi hii maji imezidi. Maji mazuri, unaacha kuona vidole wakati kiwiko kinaingia. Hiyo kijani ni mimea midogo sana. Kukiwa na jua, inatengeneza hewa ndani ya maji, samaki wanapumua. Giza likiingia, mimea yenyewe inakula hewa ile ile. Chakula kinachooza kule chini nacho kinakula hewa. Kukikucha, hewa imekwisha. Ndiyo samaki wanakuja juu asubuhi. Na kukiwa na mawingu ni mbaya zaidi. Wakubwa wanatangulia kufa, kwa sababu wanahitaji hewa nyingi."

Okwara alitazama midomo iliyokuwa ikifunguka na kujifunga.

"Kwa hivyo hawanisalimii."

"Wanakosa pumzi, mzee."

"Na kila walipokosa pumzi, mimi nikawaongezea machicha."

"Ndiyo."

"Na ugali."

"Na mbolea ya kuku," Auma alisaidia.

"Mama Sharlyne, nakumbuka," Okwara alisema.

Auma aliziba mdomo kwa leso asicheke. Hadijah akageuka. "Na hii ua la zambarau ni la nani?"

Auma aliacha kucheka. "Lilikuwa zuri tu," alisema.

"Ni zuri, na linafunga jua lisiingie. Majani yake yakifa yanaoza humo humo. Lilishinda ziwa zima, utaliweza wewe na beseni?"

Okwara alishaondoka mbio kuelekea kibandani. Alirudi na pampu ya baiskeli, ile kubwa ya kukanyagia, akaingiza mpira wake majini na kuanza kupampu. Mapovu yakatoka, machache, yakapasuka. Samaki mmoja alisogea kuangalia, akaondoka.

Hadijah alilazimika kukaa chini. "Mzee, nakuonea huruma. Umepampu baiskeli za watu maisha yako yote. Lakini na hii utapampu mpaka Pasaka ipite. Lete ndoo."

Wakaanza kazi. Waliteka maji ya bwawa kwa ndoo, wakayainua juu na kuyamwaga kwa kishindo, tena na tena. Maji yakianguka na kurukaruka, hewa inaingia. Kisha wakafungua bomba lililoleta maji ya kijito, wakaliinua kwenye gongo ili maji safi yaanguke toka juu. Mdomoni mwa bomba Hadijah akafunga kipande cha chandarua, samaki wa mtoni wasiingie. Waliokufa walitolewa wote na kuzikwa mbali. Walitoa gugu maji lote. Auma alitaka kulitupa kijitoni, Hadijah akamkataza.

"Kijitoni litaota kwa mwenzako. Lianike hapa pakavu mpaka life kabisa, baadaye liwe mboji."

Walichota machicha yaliyolala chini. Mwisho walichimba mfereji juu ya bwawa, maji ya zizi la mbuzi yapite kando yaende kwenye migomba. Okwara alichimba huku akinong'ona. Auma alisogea kusikia. Alikuwa akiwataja waheshimiwa wa mwaka ule, mmoja mmoja, kwa majina yao yote.

"Sasa sikiliza," Hadijah alisema walipopumzika. "Mbolea hakuna, mpaka mkono useme maji yamefifia. Chakula ni kidogo, jua likishapanda, mahali pamoja. Simama uangalie. Wakiacha kula, na wewe acha. Asubuhi ukiwaona juu, usiwape kitu. Wape maji."

"Na vyura?"

"Chura mkubwa muache. Anakula mbu wako. Lakini mayai yake, ile utando kama uji mwepesi, yatoe kwa chujio upeleke kwenye dimbwi kule bondeni. Yakiangua humu, viluwiluwi vitakula chakula cha samaki. Na ufyeke nyasi za ukingo, nyoka akose maficho."

Okwara alifuta tope mikononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Haya yote ulifundishwa na nani?"

"Afisa wa samaki. Nilimwita, akasema gari halina mafuta. Nikamfuata na bodaboda, nikamwambia apande. Analipwa kwa kodi ya ile sabuni tunanunua mimi na wewe. Mwite, mzee. Asipokuja, mfuate. Wewe unangoja nini, waheshimiwa waje wapigwe picha tena?"

Okwara akashika jembe tena. Lakini neno hilo lilimwingia, na baadaye alimpigia afisa simu mara nyingi kiasi kwamba afisa alikuja ili apumzike.

Jua lilirudi. Asubuhi moja Okwara alikwenda bwawani na kukuta maji matupu. Hakuna mdomo hata mmoja. Alikimbilia kwenye ua akiwa na taulo tu kiunoni.

"Mama Janat, wamekwisha."

"Wanaelea?"

"Hapana. Hawako."

"Hakuna anayeelea, na hawako. Walipanda matatu?"

"Sasa wako wapi?"

"Wako chini, wanapumua. Samaki mzima asubuhi hana shida na wewe. Rudi uvae suruali."

Alirudi, akavaa, akangoja jua lipande. Akatupa konzi moja ya chakula. Maji yakachemka. Ngege walikuja kwa vichwa na mikia, wakala, wakazama, wasitazame nyuma. Okwara alifurahi. Pia alihuzunika kidogo. Ni vigumu kuacha kusalimiwa.

Jumatatu ya Pasaka ukoo ulijaa uwanjani. Mulama alikuja na shati jipya. Watu walikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuona samaki wanaosali. Wakasimama. Wakaangalia maji. Maji yakawaangalia.

"Shemeji," Mulama alisema, "samaki wako wapi?"

Watu wote walimgeukia Okwara. Auma alishika shavu.

"Wako chini," Okwara alisema.

"Wanafanya nini?"

"Wanapumua. Na wako wewe, kwenye katoni, wanafanya nini?"

Watu walicheka. Mulama akasema kwamba kucheka si kula. Hadijah akafika na wenzake wa kikundi, wamebeba wavu. Wakaushusha upande mmoja, wakauburuta taratibu hadi upande wa pili. Uso wa Okwara ulikuwa umejaa jasho ingawa hakuwa akiburuta kitu. Wavu ukakaribia ukingo, ukawa mzito, maji yakaanza kuruka. Ngege walikuwa humo, wanapiga mikia, wanang'aa, na katikati yao vyura wanene wawili walioonekana kukasirika.

Hadijah aliwachagua. Wadogo walirudi majini wakue. Wakubwa walikuwa wachache, maana wakubwa wengi walikufa siku ile ya mawingu. Auma aliwahesabu kwa macho, akawatazama wageni, akamtazama mumewe.

"Watatosha?" Okwara alinong'ona.

"Watatosha wageni," Auma alisema.

Walipikwa kwa nyanya na kitunguu. Kila mgeni alipata samaki mzima. Mulama alikula wake kimya mpaka mgongo ukabaki mweupe, akanyonya kichwa, akauliza kama bwawa lazima liwe kubwa hivi. Watoto waligawana.

Okwara alipata mchuzi. Aliuchovya ugali taratibu, akiwa amekaa mbele ya ukoo wote, na kila aliyepita alimwambia mchuzi ulikuwa mtamu kuliko samaki.