Upande wa Vinzenz

Asubuhi ile Burgl aliweka kikaango katikati ya meza, watu wanne wakachota, na uji ukapungua sehemu tano.

Huko mlimani uji mzito wa maziwa na siagi huliwa hivyo: kikaango kimoja, kila mtu na kijiko chake, na kila mtu na upande wake, kutoka ukingoni hadi penye siagi katikati. Kuvuka mpaka ni utovu wa adabu. Wageni wa Burgl na mumewe, Uwe na mkewe Gesine kutoka Hamburg, walikuwa wamejifunza sheria hiyo kwa kutaniwa.

"Uwe, umevamia nchi ya watu," alisema Vinzenz, mume wa Burgl.

"Mimi? Mpaka wangu huu hapa. Mlafi mtafute kwingine."

Wakacheka. Lakini kando ya Vinzenz, mahali ambapo hapakukaa mtu, uji ulikuwa na shimo la kijiko.

Burgl alilijua kosa lao. Ng'ombe walikuwa wameteremshwa bondeni Jumamosi, na ng'ombe wakishashuka, kibanda hiki cha malishoni huachwa siku hiyohiyo, na unga na siagi kidogo mezani kwa ajili ya yule aingiaye watu wakitoka. Mama mkwe wake hakuthubutu kumtaja kwa jina. Alisema tu kwamba enzi za uhai wake alikuwa mchunga ng'ombe, akamwaga maziwa kwa kiburi, na tangu hapo hana mahali pa kukaa mezani. Sasa wageni walitaka wiki moja zaidi ya kupanda vilele, naye Vinzenz akasema, majini gani tena zama hizi.

Siku ya pili kibanda kilinuka maziwa yaliyochacha. Chumba cha jibini, walichokwisha kukiosha na kukifunga, kilitoa sauti ya mtu anayekoroga taratibu, mchana kweupe. Na kwenye kikaango lile shimo lilikuwa limevuka mpaka na kuingia upande wa Vinzenz. Vinzenz akaacha kula. Kufika adhuhuri alikuwa amelala kwenye benchi, mikono ya baridi, macho ukutani.

Wageni walirudi kutoka kuchuma matunda ya porini. Gesine akapanga vijiko vitatu.

"Bado kimoja," Burgl alinong'ona.

"Cha nani?"

"Cha Vinzenz."

"Vinzenz yupi, dada?"

Burgl alikimbilia benchi amwinue mumewe washuke, lakini mikono yake haikupata uzito wa kuushika. Basi alichoporwa mezani angekipigania mezani. Akapika upya, akaweka kikaango, akaketi mahali pa Vinzenz.

Uji ulianza kupungua ng'ambo kabla hajachota, naye akavunja adabu aliyolelewa nayo, akala upande wa mumewe, akala ukiwa wa moto hata ulimi ukababuka, akala huku akisikia kijiko kingine kikikwangua chuma shubiri moja kutoka kwenye vidole vyake, na kila alipomeza pumzi ya baridi yenye uchachu ilimpiga usoni, naye hakuinua macho, akachota, akameza, akachota, machozi yakidondokea siagi, wageni wakizungumza dirishani kuhusu kilele cha kesho kana kwamba hakuna kinachotendeka, mpaka kijiko chake kikagonga chuma kitupu na ule mkwaruzo mwingine ukanyamaza.

Kwenye benchi Vinzenz akaketi, akajinyoosha. "Nina njaa mie," alisema.

Burgl alilia kwa furaha. Hakuwahi kumpenda mtu yule kama wakati ule. Akaweka kijiko chini, na hapo ndipo alipouona upande wake mwenyewe, ambao haukuwa na wa kuulinda. Ulikuwa umelambwa mpaka chuma.

"Vinzenz," aliita.

Vinzenz alimpita, akachungulia kikaango, akawageukia wageni kwa aibu kidogo. "Mtanisamehe, jamani. Ndiyo mapishi ya mwanamume asiye na mke."

"Si uoe basi," Gesine akamtania.

Burgl alikuwa amesimama kati yao, mkono wake begani mwa mumewe.

"Nani atakubali kuishi huku juu?" Vinzenz alisema, akaenda kuchukua unga.