Bonge na Mtama Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku na mama yake walihamisha kamba iliyowazuia ng'ombe, ili wapate sehemu mpya ya malisho. Nyasi zilikauka kila kiangazi, kwa hiyo mama alipanda uwele na mtama wa kulisha ng'ombe wake wa nyama. Uwele ulikuwa tayari. Mtama ulikuwa umekatwa na ndio kwanza unachipua upya.

"Mtama mchanga una sumu," mama alionya. "Asiingie ng'ombe humo mpaka ufike kiunoni."

Jumamosi moja mama alikwenda sokoni. Baba mdogo wa Chiriku, aliyeachiwa ng'ombe, akaona uvivu kuhamisha kamba. Akaifungua pale pale alipokuwa amekaa, upande wa mtama, ng'ombe wakaingia.

"Baba mdogo, mama amekataza!"

"Umeanza lini kunifundisha kazi? Nenda kaoshe vyombo!"

Chiriku hakwenda. Aliokota fimbo akawaswaga ng'ombe nje, lakini Bonge, dume kubwa kuliko wote, alikuwa ameshakula. Punde alianza kuhema kwa shida, akatetemeka, akaanguka. Chiriku alitoka mbio kumwita daktari wa mifugo. Yeye na daktari walifika wakati mmoja na mama.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Uwele tu," alijibu baba mdogo, macho makavu. "Nadhani ameumwa na nyoka. Muulize huyu mtoto, ndiye aliyekuwa anawachunga."

Damu ilimchemka Chiriku. Mnyama anakata roho, na mtu mzima anatafuta wa kumsingizia!

"Si kweli! Umewaingiza kwenye mtama wewe mwenyewe! Nilikukataza!"

"Unamsikia anavyonivunjia heshima?" baba mdogo alimlalamikia mama.

"Dawa ya sumu ya mtama ninayo," daktari alisema kwa ukali, "lakini si ya kudunga kwa kubahatisha. Amekula mtama au hakula?"

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Amekula."

Daktari alidunga sindano mshipani. Hatimaye Bonge aliinua kichwa, akajikongoja, akasimama. Chiriku alilia kwa hasira na furaha pamoja.

"Shemeji," mama alisema, "uvivu wako ningeusamehe. Lakini ulikuwa radhi Bonge afe na mwanangu abebe lawama, ili wewe usiaibike. Halafu unadai heshima! Mkubwa anaheshimiwa kwa kusema kweli. Mwombe mtoto radhi, sasa hivi, daktari akisikia."

Baba mdogo alimgeukia Chiriku. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikusingizia."