Dan wa Qatar

Ubaya ulianza na salamu. Mama Ivyne, jirani wa ng'ambo ya barabara hapo mtaa wa Satellite, alimsimamisha Nyakio nje ya kanisa akamwambia huku akicheka, "Mama Dan, kijana yako alinipigia simu jana kutoka Qatar. Tumeongea vizuri sana."

Nyakio alitabasamu, maana kutabasamu ndiko alikokujua zaidi. Lakini Dan hakuwa Qatar. Dan hajawahi hata kupanda ndege. Alikuwa amefungiwa katika chumba cha nyuma ya nyumba yao, akizungumza na ukuta, mwaka wa pili sasa.

Hiyo Qatar ilikuwa kazi ya mdomo wa Nyakio. Kijana alipougua akili akiwa chuoni, daktari alimpa dawa, na dawa zikamsaidia. Alikuwa ameanza hata kutaniana na dadake, Debra. Ila kliniki yenyewe iko katikati ya mji, na siku moja Nyakio alikutana mlangoni na mwanamke wa kanisani. Dawa zikakoma siku hiyo hiyo. Yeye, mwenyekiti wa akina mama, aonekane na mwana kichaa? Akaona heri kijana aozee kule nyuma kuliko yeye kusengenywa. Basi akamtunga Dan mwingine: mnene, mpole, msimamizi wa hoteli, anayeomba kabla ya kula. Alimpamba kila Jumapili, na watu wakameza. Akawa ameandaa nafasi ya mtu asiyekuwepo, na wako viumbe wanaozitafuta nafasi za namna hiyo.

Baada ya simu ile, nyumba ilibadilika. Sebule ilinuka udi, na udi haujawahi kuchomwa humo. Upepo wa moto ulipita chini ya mlango mchana wa Julai, Nairobi nzima ikiwa imevaa sweta. Na kule nyuma, Dan ambaye hakuwa ananyamaza akaanza kunong'ona, kila siku chini zaidi, kama redio inayoishiwa betri.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kwa maombi na chai. Mlango ukafunguka bila hodi, akaingia kijana mnene, mpole, mwenye uso wa Dan.

"Mama, nimerudi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nyakio akakumbatiwa na mikono yenye joto la jiko, akamsikiliza akieleza habari za hoteli na za bosi wake na za maombi ya kabla ya kula, neno kwa neno kama yeye mwenyewe alivyozitunga, wala hakuna kingine alichokijua, si shule aliyosoma, si jina la marehemu babake, na kila alipoulizwa jambo ambalo Nyakio hajawahi kulisimulia aligeuka na kumtazama yeye, bila kupepesa macho, akingoja apewe jibu.

Debra akamvuta mamake jikoni.

"Mum, hiyo si Dan," akanong'ona. "Hiyo ni jini, na ni wewe umeiita."

"Nyamaza, watasikia."

"Dan ni mgonjwa. Dan yuko hapa nyuma."

Sebuleni kikombe kikaanguka. Wanawake waliinama kuokota vigae, kwa hiyo ni wawili hao tu waliomwona mgeni, kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, ameshika koo, amefifia hadi maua ya kitambaa cha kochi yakaonekana kupitia kifua chake. Halafu akarudi kuwa mzima.

"Umeona? Ni maneno hayo tu. Ukiyasema wewe, mbele yao, itaenda. Kesho tunampeleka Dan hosi, arudishiwe dawa. Mum, tafadhali. Anaisha kule."

Hakuhitajika mganga wala mchungaji wa kupaza sauti. Ilihitajika sentensi moja ya mama. Nyakio akarudi sebuleni, akafungua kinywa. Akamwona Mama Ivyne amesogea mbele kidogo, masikio wazi.

"Mama," mgeni akauliza kwa upole, "kwani ni nani anaishi kile chumba cha nyuma?"

"Hakuna mtu," Nyakio akasema.

Mnong'ono wa kule nyuma ukakatika. Debra akakimbia, wakasikia kufuli ikifunguliwa. Akarudi amejishika kichwa, akilia mbele ya wote kwamba kakake hayupo, kwamba kitanda ni kitupu na blanketi bado lina joto, kwamba mamake amemmaliza. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza pembeni kama huyu msichana huwa ana shida ya kichwa.

Nyakio alisikia swali hilo, na uso ukamwaka kwa aibu. Si kwa ajili ya mwana aliyepotea. Ni kwa ajili ya kelele za huyu aliyebaki. Mgeni akamwinamia sikioni, pumzi yake ikimchoma.

"Na huyu, mama, tuwaambie ameenda wapi?"

Nyakio akafikiri kidogo.

"Kanada," akasema.