Barabara Iliyopokelewa

Maiti ya Neng Yang ilikutwa ndani ya chemba ya maji ya mvua, kichwa chini, buti juu, kwenye barabara mpya ambayo gari lolote lilikuwa halijaruhusiwa kuipita.

Waliomwona kwanza walikuwa mafundi wa kuchora mistari. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa Agosti, na joto la bonde lilikuwa limeshaanza kuunguza lami. Inspekta Filomena Azevedo alipofika, zimamoto walikuwa wamemtoa na kumlaza chini ya turubai. Alimjua kwa sura, maana mji wa Oro Seco si mkubwa kiasi hicho. Marehemu alikuwa mkaguzi wa ujenzi wa jiji, mtu mfupi, mpole, aliyekataa kazi mbovu bila kupandisha sauti.

"Ajali hii," alisema Sajini Kuldip Gill, msaidizi wake. "Kafungua mfuniko, kainama, kizunguzungu kikampata, katumbukia. Jua hili linaangusha hata ngamia."

Filomena aligeukia shimo. Alikuwa anaangalia koni za kuonya magari.

Zilikuwa zimepangwa kwa mshazari kutoka ukingoni mwa barabara kuja katikati, zikikinga shimo kwa upande ambao magari yangetokea. Kazi safi, ya mtu aliyeifanya miaka na miaka. Ila barabara ilikuwa imefungwa pande zote mbili. Hapakuwa na dereva wa kuonywa.

"Koni za nani?" aliuliza.

"Za marehemu, za nani tena?"

"Za marehemu ziko garini kwake. Kaangalie. Rundo zima limefungwa mkanda, na vumbi juu."

Gill alikwenda, akaangalia, akarudi utani umemwisha. "Labda za Ekizian, aliyejenga barabara."

"Za Ekizian zina jina lake ubavuni. Mtu yule angeweza, angeandika jina lake mwezini. Hizi hazina chapa."

"Basi alikuwa na mtu hapa."

"Mtu aliyemwacha shimoni, halafu akapanga koni ili mwingine asije akatumbukia."

Wauaji wakatili Filomena alikwishawazoea. Huyu mwenye huruma hakumwelewa, na alimwogopa.

Kabla ya adhuhuri daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni kwa chuma chembamba kilichopinda ncha, na Yang alikuwa ameshakufa alipoanguka. Ndoano ya kufunulia mifuniko ilipatikana chini ya chemba, imelala kwenye maji, haina alama za vidole. Simu ya marehemu haikuonekana popote.

Nyumbani kwa Yang, ndugu wa ukoo walikuwa wameshajaa mpaka barazani, na jikoni wanawake walikuwa wanaosha mchele kimyakimya. Mjane, Mai See, alizungumza huku ameushika mkono wa Filomena kama mtu anayevuka maji. Alisema mumewe alikuwa hapati usingizi, chakula hakipiti kooni.

"Aliogopa nini, mama?"

"Barabara. Alisema juu ni nzuri lakini chini iko wazi. Udongo umeondoka. Alisema siku lori zito litakapopita, litaingia."

"Sehemu gani?"

"Hakuniambia. Alisema atamwonyesha mkubwa kwa macho yake, na mkubwa ataifunga."

"Mkubwa yupi?"

Mai See alitikisa kichwa. "Mume wangu aliwaita wote wakubwa."

Filomena alitoka pale anahesabu saa zilizobaki. Barabara hiyo mpya, iliyoitwa Calimyrna, iliishia kwenye shule mpya ya sekondari, na Jumatatu mabasi ya wanafunzi yangeanza kuipita. Hata hiyo Jumatatu ilikuwa mbali. Kesho yake saa sita mchana meya angekata utepe, bendi ya shule ingepiga muziki katikati ya lami, na gari kubwa la zimamoto lingepita la kwanza, kama ilivyo desturi ya mji. Binti yake, Inês, alipiga klarineti katika bendi hiyo. Alikuwa safu ya mbele.

Alimwendea mkuu wa polisi akaomba sherehe iahirishwe. Mkuu alimsikiliza vizuri, akampigia mhandisi wa jiji palepale, akarudisha simu mahali pake. Mhandisi amesema barabara ni nzima, alimwambia. Sherehe itafanyika kwa kumbukumbu ya Yang. Filomena akamate muuaji, mambo ya udongo awaachie wenyewe.

Vartan Ekizian walimkuta ofisini kwake, katikati ya nyumba za maonyesho zenye bendera, anakula sandwichi na kugombana na simu. Alikuwa mwendelezaji, mjenzi wa mitaa mizima ya nyumba za kuuza, mkubwa kuliko wote mjini, na hakuruhusu mtu asahau.

"Mimi nikiua kila mkaguzi anayenikera, Inspekta, jiji litabaki bila mkaguzi," alisema.

"Yang alikataa kazi yako."

"Alikataa kila kitu. Angekataa hata kaburi lake. Lakini nimuue kwa faida gani? Barabara imeshapokelewa."

Akaeleza, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. Jiji halikuwa na fedha ya kujenga barabara pana namna ile, kwa hiyo lilimwachia aijenge kwa fedha yake. Halikumlipa taslimu. Kila nyumba mpya mjini hutozwa ada ya barabara, na yeye alisamehewa ada hiyo, nyumba baada ya nyumba, kufidia gharama zake. Fedha itakayobaki angerudishiwa polepole, kutokana na ada za waendelezaji wengine watakaokuja kujenga kando ya barabara hiyohiyo. Ila hakuna hata senti inayoanza kuhesabiwa mpaka mhandisi wa jiji aende, aikague barabara kwa macho yake, na atie sahihi kwamba imepokelewa.

"Nimeshajenga mtaa mzima kwa punguzo hilo," alisema. "Watu wamehamia, wana watoto, wana mbwa. Yang angefanya nini, awatoe vitandani?"

"Nani aliipokea?"

"Whitsett. Utaratibu wote huu kautunga yeye. Muulize, atakusomesha mpaka usinzie."

Carroll Whitsett, mhandisi wa jiji, alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mpendwa wa watu, mwenye magoti mabovu na fimbo. Ndiye aliyemfundisha Yang kazi. Alimkaribisha Filomena kiti, akamtilia chai ya barafu. Macho yake yalikuwa mekundu, naye Filomena akadhani ni msiba.

"Mara ya mwisho kufika Calimyrna ilikuwa lini, mzee?"

"Siku ya kuipokea."

"Uliangalia ndani ya chemba?"

"Huwa naangalia kila kitu, binti."

"Yang alikwambia kwamba chini iko wazi?"

"Neng alikuwa mtu wa wasiwasi. Mkaguzi mzuri ndivyo anavyokuwa."

"Basi uko radhi watoto wasimame juu yake kesho?"

Mzee aliangalia glasi yake. "Nimetia sahihi," alisema.

Filomena alipofika garini ndipo alipotambua kwamba swali lake halikujibiwa. Lakini alikuwa na nini mkononi? Koni zisizo na chapa zilijaa katika magari yote ya jiji, pamoja na la Whitsett. Angemkamata mzee wa watu kwa sababu kaangalia chai yake?

Jioni alimwambia Inês asiende kwenye sherehe. Inês alimjibu kwamba mwalimu atampa mtu mwingine nafasi yake, kwamba mama kazi ya polisi imemwingia kichwani, na kwamba barabara ni barabara. Filomena alikuwa na hofu tu, na hofu ya mama si hoja kwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Jumamosi watu walijaa kando ya Calimyrna na miavuli ya jua. Meya alikuwa na mkasi mkubwa wa maonyesho. Mwisho wa barabara gari la zimamoto lilinguruma, limepambwa kwa riboni, tani kwa tani za chuma na maji. Filomena alitembea macho yakiwa chini. Kila hatua alijiuliza kama ndipo hapo palipo wazi chini.

Aliikuta bendi imeshajipanga. Mwalimu wao, Bwana Lockhart, alikuwa pembeni na rundo la koni kifuani, anatafuta pa kulitua.

"Umezitoa wapi hizo?"

"Zilikuwa hapa kati, zimekaa kwenye lami nzima kabisa. Mpiga picha anataka watoto wakae usawa wa utepe, nikaziondoa."

Koni kuukuu. Hazina chapa. Filomena aliishusha macho kwenye lami.

"Zilikuwa zimekaaje?"

"Mshazari. Zimetoka ukingoni, zimezunguka kama kuna shimo."

"Wapi hasa?"

Lockhart aligeuka, akakunja uso. "Hapahapa. Au mbele kidogo. Sikutia maanani, mama."

Safu ya mbele ilikuwa imesimama hapohapo au mbele kidogo, na Inês katikati yake, anajaribu klarineti. Filomena alitaka kupiga kelele, lakini aliona jinsi watoto wale watakavyokimbia, wote pamoja, miguu yote juu ya lami moja. Akameza kelele. Akamtafuta Whitsett.

Mzee alikuwa kando ya meya, amevaa tai, uso umepauka. Hakuwa anamtazama meya. Alikuwa anatazama viatu vya watoto. Filomena alimshika mkono, taratibu, kama mtu anayemsaidia mzazi wake.

"Twende ukasimame na watoto, mzee. Picha itapendeza."

"Niache hapa."

"Binti yangu yule pale, mwenye nywele zilizosukwa. Njoo usimame karibu yake. Umesema ni nzima."

Walifika ukingoni. Whitsett alisimama, fimbo imekwama, na mguu wake ukakataa kabisa kushuka kwenye lami. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Shuka, mzee."

"Waondoe," alisema kwa kunong'ona.

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia ngoma kubwa mpaka mwisho wa safu ya mbele. Mmojammoja. Wasikimbie. Kwa jina la Mungu, simamisha lile gari."

Gill alikuwa ameshaanza kwenda kulizuia, mikono juu. Filomena alisimama ukingoni akawaita watoto kwa majina aliyoyajua na kwa ala zao wale asiowajua, sauti yake tulivu kuliko alivyowahi kuisikia. Inês alikuwa wa saba kuondoka. Kwa mama yake, hatua za wale sita waliomtangulia zilikuwa nzito kuliko milima.

Alasiri mafundi waliikata lami. Chini yake palikuwa na pango la kuingia gari dogo zima, na kilicholifunika kilikuwa chembamba kama chapati. Gill aliwapandisha wanabendi, Inês akiwamo, kwenye basi warudishe ala zao shule ya zamani walikokuwa wakisoma, kisha akaja chumba cha mahojiano na kalamu. Filomena alimsomea Whitsett haki zake. Mzee alisema hataki wakili.

"Tuanze na chemba," alisema Filomena.

"Neng aliifungua mwenyewe. Akanipa ndoano nimshikie, akanimulikia tochi. Bomba limeachana kwenye kiungo. Kila maji yakipita yanakula udongo. Akaniuliza, 'Mkubwa, siku ile hukuliona hili?'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Akatoa simu awapigie waifunge. Akanigeuzia mgongo, maana aliniamini." Aliitazama kalamu ya Gill. "Nilimpiga mara moja tu. Simu niliitupa mferejini."

"Ekizian alikulipa?"

"Angenipa hata dola moja ningemfukuza ofisini. Hakuna aliyenilipa."

"Sasa kwa nini, mzee? Neno lako moja lingeifunga barabara. Yang alikuja kuliomba hilo tu."

Whitsett alisugua magoti yake chini ya meza. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kukimbia.

"Sikwenda."

"Wapi?"

"Kuipokea. Joto lilikuwa kali, magoti yananiua, watu wanasubiri nyumba, Ekizian anapiga simu kutwa. Nikatia sahihi mezani. Mimi, niliyewafundisha vijana wote wa jiji hili kwamba usichokiona usikipokee. Kama ningeifunga wangeuliza niliipokeaje. Neng ndiye angekuwa wa kwanza kuuliza."

"Na leo? Ulikuwa unawaangalia watoto wamesimama juu yake."

"Nilipanga koni asubuhi. Nilifikiri zitatosha."

Filomena alimwangalia mtu yule mpole, na hofu aliyodhani ameiacha barabarani ikamrudia upya. Hakukuwa na tamaa ndani yake wala chuki. Alimuua mwanafunzi wake, na nusura awazike watoto, kwa sababu hakuthubutu kusema neno moja, sikwenda. Gill aliacha kuandika. Kazi ilikuwa imekwisha, ungamo limepatikana, sababu imejulikana. Lakini Filomena alikuwa amebakiwa na swali moja, naye aliogopa kuliuliza.

"Mzee, ni hii moja tu uliyoipokea mezani?"

Whitsett alifumba macho.

"Magoti yalianza zamani, binti," alisema, akaanza kuzitaja. Ya kwanza ilikuwa Tamarack. Ya pili ilikuwa Kadota, iliyokuwa njia pekee ya kurudi shule ya zamani, na kabla hajafikia ya tatu Filomena alikuwa ameshapiga mlango kikumbo, simu sikioni, akiomba dereva wa basi apokee.