Gari Lililozibwa Pua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dodosa alikung'uta vumbi kwenye viti vya gari. Mama yake alikuwa mshonaji, na wateja wake wakubwa walikuwa wauguzi. Makoti yao meupe yalitoka nyumbani yaking'aa, yakafika yamepata rangi ya chai, kwa sababu matundu ya hewa ya gari lile kuukuu yalitema vumbi.

Isitoshe, swichi ya kupunguza joto ilikuwa imekufa. Gari lilipuliza hewa ya moto tu, jua liwake lisiwake.

"Nikifika kwa wateja, mimi ndiye niliyepigwa pasi," Mama alilalamika. "Na muuguzi mkuu amesema makoti yakichafuka tena, atatafuta mshonaji mwingine."

Jumamosi moja Mjomba, fundi wa baiskeli, alikuja na waya wa breki.

"Shika tochi, mpwa wangu," alisema. "Leo gari la mama yako linapanda cheo. Linakuwa baiskeli!"

Alifungua dashibodi, akamwonyesha Dodosa kibao kidogo kinachozuia au kuruhusu joto. Waya wake ulikuwa umekatika. Mjomba alifunga ule wa breki, akavuta, na hewa ikapoa.

"Hewa inaingilia wapi?" Dodosa aliuliza. Jina lake hilo alipewa na Mjomba mwenyewe, kwa wingi wa maswali.

"Hapa nje, chini ya kioo cha mbele. Ndiyo pua ya gari. Maji ya mvua nayo hupita hapo hapo, yakatokea pembeni."

"Mbona haina chujio?"

"Tutalitafutia. Ila usiguse kitu peke yako."

Lakini swali lilimwasha Dodosa kama upupu. Jioni alichukua sponji za mabega, zile ambazo Mama hushonea makoti, akazishindilia ndani ya pua ya gari. Kesho yake vumbi halikuonekana.

"Kaka yangu ana mikono ya dhahabu!" Mama alisifu.

Dodosa alitabasamu tu. Sifa ilikuwa yake, lakini angeidaije?

Siku ya kupeleka makoti, mvua ilinyesha. Hawakufika mbali. Kioo kilijaa ukungu kwa ndani, Mama akawa anakifuta kwa kiganja huku akichungulia. Ghafla alikanyaga breki. Mkokoteni uliokuwa umeegeshwa kando ya barabara ulikuwa umebaki hatua moja tu mbele yao. Wakati huohuo maji yakaanza kudondoka miguuni.

Mama alirudi polepole hadi kibanda cha Mjomba.

"Umenifanyia nini, kaka? Nusura nigonge mkokoteni!"

Mjomba alishika koleo, akainama kuutoa waya wake. "Labda nimekosea," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani, dada."

Dodosa alimtazama Mjomba akiwa ameinama vile, akamshika mkono.

"Usiutoe, Mjomba. Ni mimi. Nimeweka sponji za mabega."

Mjomba alifunua chini ya kioo, akazitoa zimevimba kama mikate iliyolowa. Maji yaliyokuwa yametuama yakashuka kwa kishindo.

"Kumbe umelizibia gari pua! Lingepumuaje? Ukungu wa kioo huondolewa na hewa hiyo hiyo."

Wote watatu walicheka, Dodosa akilia kidogo.

Makoti yalikuwa salama kitini. Walipoyafikisha na mvua kukatika, walitengeneza chujio pamoja. Mjomba alikunja fremu ya waya, na Dodosa akajaribu vitambaa vya Mama, kimoja kimoja, kwa kuviweka mdomoni na kupuliza. Kilichopitisha pumzi yake vizuri ndicho Mama alichokishona kwenye fremu. Waliifunga ndani, karibu na feni, mahali ambapo maji hayafiki.

Mama alimkumbatia. "Mwanangu, wazo lako lilikuwa zuri. Kosa ni kulificha. Ningejua umeweka kitu kwenye gari, ningesimama mapema, wala nisingemlaumu mjomba wako bure. Mkono ukitenda, mdomo useme."

"Ndiyo, Mama."

Dodosa alitafakari kidogo. Kisha akageuka.

"Mjomba, na lile joto lenyewe linatoka wapi?"

Mjomba alishusha pumzi, akacheka. "Haya, lete tochi."